Majini, mizuka na mzingile: uanze na riwaya gani ya ajabu?

Msomaji aliyezoea riwaya za mapenzi au za upelelezi, siku akishika kitabu ambamo maiti anafufuka na mji mzima umegeuka mawe, hukutwa na moja kati ya mambo mawili. Ama anakimaliza usiku huohuo na asubuhi anatafuta kingine, ama anakifunga ukurasa wa ishirini na kuapa kwamba vitabu vya namna hiyo si vyake. Wanaoapa ni wengi, na wengi wao wameonewa na bahati tu: walianza na kitabu ambacho kilifaa kiwe cha nne au cha tano.

Kiswahili kina vitabu vya kutosha vya aina hii, tangu Shaaban Robert miaka ya 1950 hadi wimbi lililoanza na Euphrase Kezilahabi mwaka 1990. Hapa tunaviweka saba pamoja: *Kusadikika* (1951) na *Adili na Nduguze* (1952) vya Shaaban Robert, *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) vya Kezilahabi, *Walenisi* (1995) cha Katama Mkangi, *Babu Alipofufuka* (2001) cha Said Ahmed Mohamed, na *Bina-Adamu!* (2002) cha Kyallo Wadi Wamitila. Vyote vimejaa yasiyowezekana. Hata hivyo kila kimoja kinamdai msomaji kitu tofauti, na mtu asipojua anadaiwa nini, husoma kwa shida bure.

Ajabu inamtii nani?

Hilo ndilo swali la kuuliza kabla ya kununua au kuazima. Katika fantasia, ajabu ina sheria. Jini ana uwezo fulani na mpaka fulani. Akimgeuza mtu nyani, kuna kosa lililotangulia na kuna namna ya kumrudisha. Msomaji akishaijua sheria, anatulia na kufuata kisa. Katika uhalisia mazingaombwe, dunia ni hii yetu, wakubwa ni walewale na njaa ni ileile, ila jambo moja lisilowezekana limeingia ndani, limeketi, na hakuna anayelitolea maelezo. Kisha kuna maandishi ya kindoto, yaitwayo usurialisti, yale ambayo Wafaransa wa kundi la André Breton waliyatolea ilani mwaka 1924. Humo ajabu haimtii mtu. Uko barabarani, mara barabara ni ukumbi, na ndani ya ukumbi unazungumza na mtu aliyekufa karne nyingi zilizopita, wala hushangai, kama usivyoshangaa ukiwa usingizini.

Kujua kitabu kiko upande gani kunahitaji kurasa kumi za mwanzo, unaweza kuzisoma umesimama dukani. Tafuta ajabu ya kwanza na uangalie wahusika wanaipokeaje. Wakishtuka, wakauliza, na jibu likatolewa, hiyo ni fantasia. Wakishtuka na jibu lisitolewe, huku shughuli zao zikiendelea, uko kwenye mazingaombwe. Wasiposhtuka hata kidogo, umeingia ndotoni, na itabidi usome kwa mkono mwepesi zaidi. Kipimo hiki hakikosei mara nyingi. Kinapokosea, ni kwa kitabu kinachoanza upande mmoja na kuhamia mwingine, na *Bina-Adamu!* ni mmoja wao.

Vile viwili vya Shaaban Robert

Watu huvitaja pamoja kama ndugu pacha, na hapo ndipo wanaponunua kimoja wakidhani wamepata kingine. *Adili na Nduguze* ni kisa. *Kusadikika* ni kesi.

Katika *Adili*, mfalme Rai wa Ughaibuni anatuma mjumbe kwa Adili kufuatilia kodi iliyochelewa. Mjumbe, Ikibali, anapewa malazi mazuri, na usiku anaona jambo. Mwenyeji wake, mtu mpole ambaye mchana hakumwinulia mtu sauti, anashika mjeledi na kuwachapa nyani wawili. Akimaliza kuwachapa anawahurumia. Mwandishi haelezi kitu hapo. Anamwacha mjumbe na msomaji wachungulie pamoja, kila mmoja na swali lake: mtu mwema anawapigaje wanyama waliofungwa, na kama anataka kuwapiga, machozi ya nini? Jibu linakuja baadaye, mbele ya mfalme, kwa kinywa cha Adili mwenyewe: nyani hao ni kaka zake, Hasidi na Mwivu, na mjeledi ule ni amri ya jini. Ndani ya jibu kuna bahari, usaliti wa ndugu, na mji ambao watu wake wamekuwa mawe. Asili ya kisa ni *Alfu Lela Ulela*, na aliyewahi kusoma hadithi zile atautambua ufundi wa kutia hadithi tumboni mwa hadithi.

Kinachowakwaza wasomaji hapa ni tabaka za usimulizi. Kuna msimulizi wa nje, kuna mjumbe anayepeleka habari, na kuna Adili anayesimulia yaliyompata zamani. Ukipumzika katikati ya simulizi ya Adili na kurudi baada ya wiki, utadhani mambo yale yanatokea sasa. Pumzika pale tu anayesimulia anapobadilika.

*Kusadikika* ni nchi inayoelea angani, na baada ya hapo ajabu zake karibu zote ni za kimahakama. Karama anashitakiwa kwa kutaka kuleta elimu ya sheria, Majivuno anamshitaki, na Karama anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, nne za dunia pamoja na mbinguni na ardhini. Kila mjumbe anaondoka kwa tabu, anaona mema ya nchi nyingine, anarudi na mapendekezo, anatupwa gerezani. Safari ya tatu ndipo wengi wanapochoka, kwa kuwa umbo limeshajulikana. Usikisome kwa mkupuo. Soma safari moja kwa siku, kama vile kesi yenyewe inavyoahirishwa na kuendelea, na kila mara linganisha adhabu aliyopewa mjumbe na neno alilolileta. Uchungu wa kitabu hiki uko kwenye ulinganisho huo. Kumbuka pia kwamba kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Nchi ya angani ilikuwa mahali salama pa kusemea maneno ambayo ardhini yangemponza mtu.

Kwa lugha, vyote viwili vinahitaji kamusi karibu. Sentensi za Shaaban Robert zimejengwa kwa mizani, nusu ikijibu nusu, na msomaji wa leo huzipita haraka akidhani ni mapambo. Zisome kwa sauti. Nyingi hufunguka masikioni kabla hazijafunguka machoni.

Tukilazimika kuchagua kimoja, ni *Adili*, bila kusita, hasa kwa kijana au kwa mtu anayerudi kwenye vitabu baada ya miaka. *Kusadikika* kina hoja nzito zaidi, lakini kinahitaji msomaji anayependa kusikiliza hoja.

Walenisi

Huyu ni wa kupita naye haraka, kwa maana njia yake ni nyoofu. Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa kwenye chombo cha angani ambacho ndicho kiwe mauti yake, na badala ya kufa anafika Walenisi. Litamke jina hilo polepole, ukikata silabi: wale ni sisi. Ukishalisikia, umeshika ufunguo wa nyumba nzima. Ajabu ni moja tu, kule kuruka. Baada ya hapo kila kitu kinaelezwa, wakati mwingine mno, maana wenyeji wa huko wanapenda kufafanua jinsi jamii yao inavyoendeshwa kwa usawa. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, na serikali ya Kenya ilimtia kizuizini miaka ya 1980; ukijua hayo, hutashangaa kuona kwamba kinachomsisimua zaidi ni mpangilio wa jamii ya huko kuliko mitambo ya anga.

Wapenzi wa sayansi bunilizi wenye hamu ya mitambo na hatari watasikitika kidogo. Wanaopenda kubishana kuhusu nchi iendeshweje watakaa nacho muda mrefu.

Safari mbili zenye kiongozi: Babu Alipofufuka na Bina-Adamu!

Hivi viwili ndivyo vinavyofaa zaidi kulinganishwa, kwa sababu vina mifupa inayofanana. Katika kila kimoja mtu anachukuliwa safari na kiongozi asiye wa kawaida, anaonyeshwa dunia, na hawezi kurudi kama alivyoondoka. Tofauti iko kwa nani anaongozwa, na na nani.

Katika *Babu Alipofufuka*, anayeongozwa ni K, mkubwa aliyenona kwa mali ya umma. Jina lake limebaki herufi moja. Aliyewahi kukutana na Josef K., mhusika wa riwaya ya Franz Kafka, atasikia mwangwi, ingawa K wa Kafka anateswa na wenye mamlaka, na huyu wetu ndiye mwenye mamlaka mwenyewe. Kiongozi wake ni babu yake, marehemu, aliyetoka kaburini. Hili la mzimu wa babu kuja kudai hesabu halihitaji kuelezwa kwa msomaji wa Kiswahili. Wazee waliokufa wana haki ya kuuliza. Said Ahmed Mohamed amechukua imani iliyomo majumbani na kuiingiza kwenye sebule ya kifahari, na hapo ndipo nguvu ya kitabu inapotoka: huwezi kumfukuza babu yako kama unavyomfukuza mwandishi wa habari.

Kosa la kawaida ni kusema moyoni, "K anaota tu." Ukilisema hilo, umempa K mlango wa kutokea, ambao mwandishi amejitahidi kuufunga. Kubali kwamba babu amefufuka kweli. Soma kila ziara kama ukaguzi, na angalia vitu vidogo vinavyomzunguka K, chakula chake, nyumba yake, mavazi yake, vikianza kupoteza uzito mbele ya macho yake.

Katika *Bina-Adamu!* anayeongozwa ni kijana wa kijijini, asiye na cheo, anayetafuta chanzo cha balaa. Kiongozi ni Hanna, mwanamke wa ajabu ambaye hujui ametoka wapi. Wanapita Ulaya, Asia, Afrika na Marekani, wakimsaka mtu aitwaye P.P., ambaye ni Peter Pan, yule mtoto wa tamthilia ya Kiingereza ya mwaka 1904 aliyekataa kukua. Dunia yote imekuwa kijiji kimoja cha utandawazi, na kijijini humo mtoto asiyekua ndiye mwenye rungu. Wazo hilo ni la kutisha ukikaa nalo.

Ugumu wa *Bina-Adamu!* hauko kwenye kisa. Uko kwenye marejeo. Wamitila ndiye mtungaji wa *Kamusi ya Fasihi* (2003), na anaandika kama mtu mwenye maktaba nzima kichwani: majina, misemo na vivuli vya vitabu vingine vinapita kila ukurasa. Msomaji mwenye bidii husimama kwenye kila jina na kulitafuta mtandaoni, na kufikia katikati ya kitabu safari imeshapoa. Utaratibu unaofaa ni huu: weka kipande cha karatasi ndani, andika jina na namba ya ukurasa, usitafute kitu hadi umalize bara zima. Ukihama bara, tafuta majina matano au sita yaliyokusumbua zaidi, mengine uyaache. Ukikosa nusu ya marejeo, kitabu bado kinakaa sawa. Ila ukikosa mwendo wake, umekikosa chote.

Nani asome kipi? Mwenye hasira na wala rushwa, anayetaka mtu mmoja ashikwe na kuonyeshwa makosa yake, achukue *Babu Alipofufuka*. Anayejiuliza kwa nini bara zima liko pale lilipo katika dunia, na ambaye hakasirishwi na kitabu kinachojua mengi kumzidi, achukue *Bina-Adamu!* Kwa maoni yetu *Babu* ndicho kilichokamilika zaidi kama riwaya. Lugha yake ya Kizanzibari ina ladha ambayo inatosha kumfanya mtu arudie aya nzima. *Bina-Adamu!* kina upana zaidi, na mara nyingine upana huo unawaacha wahusika wembamba.

Nagona na Mzingile

Tumefika kwenye vile vinavyowashinda wengi. Ni vyembamba, kila kimoja hakifiki kurasa mia, na wembamba huo ndio unaowadanganya watu wavichukue kwanza.

Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na hadi mwisho wa miaka ya 1970 alikuwa mwandishi wa uhalisia: *Rosa Mistika* (1971), *Kichwamaji* (1974), *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975), *Gamba la Nyoka* (1979). Kisha riwaya zikanyamaza zaidi ya miaka kumi. Katikati ya ukimya huo alikwenda Marekani na mwaka 1985 akamaliza udaktari wake, akihoji jinsi falsafa ya Kiafrika na uhakiki wa fasihi vinavyosomwa kwa macho ya kuazima. *Nagona* ilipotoka, aliyekuwa akimsubiri mwandishi wa *Rosa Mistika* alifungua kitabu na kukuta msimulizi anaingia kwenye mji uliojaa ukimya, wanafikra wa Ulaya waliokufa zamani wako humo na mazungumzo yao, kuna paa anayetafutwa, na kuna ngoma kuu inayongojewa. Nani alikuwa nani, na lini, na wapi? Maswali hayo matatu, ambayo yanafungua karibu kila riwaya nyingine, hapa hayafungui kitu.

Namna ya kukisoma ni kinyume cha tunavyofundishwa shuleni. Huko tunaambiwa tutafute dhamira, maudhui, wahusika na mandhari, kila kimoja kwenye kisanduku chake. Kwa *Nagona*, fanya hivi. Tenga saa tatu za utulivu, ukisome chote kwa kikao kimoja au viwili, bila kalamu. Usirudi nyuma hata ukipotea. Utapotea. Siku ya pili rudi na kalamu, na upigie mstari vitu vinavyojirudia tu: paa, ngoma, mwanga, ukimya, duara. Usiandike pembeni "hiki ni ishara ya kile." Andika namba ya ukurasa ambapo kitu hicho kilionekana kabla. Ukimaliza utakuwa na mtandao wa kurasa, na utaona kwamba kitabu kinakwenda kwa mzunguko, kila kitu kikirudi na sura tofauti kidogo, kama mchezaji anayepita mbele yako mara ya pili kwenye duara la ngoma. Hapo ndipo raha inapoanza.

Linaloharibu zaidi ni kulazimisha kila picha iwe na maana moja. Msomaji akishaamua kwamba paa ni ukweli, basi, kila paa akitokea anaandika "ukweli" na kuendelea, na kitabu kinakuwa kama fumbo la gazetini lililokwisha kujazwa. Paa yule ni ukweli ukurasa mmoja, na ukurasa mwingine ni mnyama tu, mwepesi, anayekimbia. Mwache akimbie.

*Mzingile* ni mwepesi kidogo kuushika kwa kuwa una uzi wa kisa: kuzaliwa kwa Kakulu kwa namna isiyo ya binadamu, safari ya msimulizi kumtafuta mzee, na dunia iliyopita kwenye maangamizi. Mwanzo wake una sauti ya ngano za kusimuliwa jioni, zile za paukwa na pakawa, na aliyekulia kwenye ngano hizo atajisikia nyumbani kabla hajachanganyikiwa. Kwa sababu hiyo wapo wanaoshauri kuanza na *Mzingile*. Hatukubaliani nao kabisa. *Mzingile* unajibu mambo yaliyoulizwa katika *Nagona*, na jibu bila swali huwa baridi. Ila kama *Nagona* imekushinda mara mbili, basi ingia kwa mlango huu, kisha urudi.

Mtu mwingine atauliza kama vitabu hivi si vya kigeni, vimevaa kanzu tu. Tunafikiri jibu liko masikioni. Ngano zetu zimejaa mazimwi yanayomeza kijiji kizima na kutapika watu wakiwa hai, na hakuna mtoto aliyewahi kudai maelezo ya tumbo la zimwi. Kezilahabi aliirudisha ruhusa hiyo kwa watu wazima, akaitia ndani falsafa aliyoisoma. Anayesoma akiwa na ngano kichwani hufika mbali kuliko anayesoma akiwa na mwongozo wa mtihani mkononi.

Kwa hali yako

Kama una jioni mbili tu na unataka kujua kama ajabu inakufaa, chukua *Adili na Nduguze*. Ukipenda mjeledi wa usiku ule kuliko majini yenyewe, ujue wewe ni msomaji wa mazingaombwe, na kinachokungoja ni *Babu Alipofufuka*. Ukipenda majini na bahari zaidi, baki kwenye fantasia. Rudi kwa *Alfu Lela Ulela*, ambayo ina tafsiri ya Kiswahili.

Kama unasoma na kikundi, mnaokutana mara moja kwa mwezi, *Walenisi* na *Kusadikika* vinazaa mabishano mazuri, *Bina-Adamu!* kinafaa mkigawana mabara kila mtu atafute marejeo yake, na *Nagona* inafaa tu ikiwa mtakubaliana kuisoma kwa sauti pale pale, sura moja moja, kabla mtu hajatoa maoni. Mkikutana kila mmoja akiwa ameshaisoma peke yake, saa nzima itaishia kwenye kuulizana paa ni nani.

Kama umeshavisoma vyote saba na unataka kurudia kimoja, rudia *Mzingile*, na safari hii uanze na sura ya mwisho.